Jumamosi ya Malori

Mume wangu Ondiek ni mtu mwaminifu. Kila mtu hapa mtaani Noonkopir atakwambia hivyo, nami nimechoka kuambiwa.

Mwaka wa 2006, kabla ya kupanua barabara ya Namanga, injinia aitwaye Kiragu alimwajiri Ondiek kuhesabu magari siku saba, mbele ya nyumba tuliyojenga wenyewe. Hesabu zingeingizwa kwenye kompyuta, nayo ikisie moshi na kelele za miaka kumi ijayo. Zikipita kiwango, barabara ingesogezwa ng'ambo, kusiko na nyumba. Nilimshukuru Mungu. Binti yetu Shirleen alikuwa na miaka minne na pumu, na lori likipita alikohoa mpaka akatoka machozi.

Ondiek alikaa kitini kando ya barabara na mwavuli wake akichora vijiti, gari moja kijiti kimoja. Hata kwenda haja alikimbia. Lakini Jumamosi ni Sabato, naye ni mzee wa kanisa.

"Baba Shirleen, nipe hiyo karatasi nikae mimi," nilimwambia. Mimi husali Jumapili.

"Hapana. Amri imesema hata mtu wa nyumba yako asifanye kazi."

Baadaye niliisoma hiyo amri. Inataja mwana, binti, mtumwa, mnyama na mgeni. Mke haitaji.

Akavaa tai, akaenda. Jumapili akahesabu, kisha hesabu hiyo hiyo akaiandika kwenye karatasi ya Jumamosi. Na Jumamosi ndiyo siku wenye viwanja hutoka Nairobi kusimamia ujenzi, malori ya mawe na mchanga yakipita tangu alfajiri.

Kiragu alirudi baada ya miezi miwili.

"Mama, mmekosa na kidogo sana," alisema. "Jumamosi ndio imewaangusha. Iko chini kama Jumapili."

Nilimtazama Ondiek aseme. Akatazama viatu vyake. Nami nikaona haya kumvua nguo mume wangu mbele ya mgeni, nikanyamaza. Hilo sijajisamehe.

Sasa lami imefika uani. Kila Jumamosi Ondiek huenda kanisani, nami hubaki na Shirleen na dawa yake ya kuvuta, nimekalia kiti kile kile, nikihesabu. Juzi, kufikia saa sita mchana, yalipita malori mia mbili na kumi na moja. Akirudi humwekea karatasi kando ya ugali. Yeye huikunja, akafumba macho, akaombea chakula.