Arisa Mpya na Jiwe la Inchi Sita

Katika yadi ya magari ya Gikonyo pale Chaka, kando ya barabara ya Nanyuki, gari lilikuwa bati tu mpaka lipimwe kwa jiwe. Lilikuwa jiwe la kujengea, lililochongwa machimboni, kimo chake inchi sita. Mnunuzi aliyefika hakuanza na bei wala rangi. Alilichukua jiwe pale langoni, akaliweka mbele ya bampa, akalisukuma kwa fimbo chini ya tumbo la gari mpaka litokee upande wa ekzosi. Likipita bila kugusa, watu walivuta viti kupatana bei. Likikwama, mnunuzi alijipangusa mikono, akautazama Mlima Kenya kana kwamba ndio uliomwita, akaenda zake.

Jiwe hilo lililetwa na Mzee Mathenge, mkulima wa viazi, miaka kumi na moja iliyopita, siku aliyonunua gari lake aina ya Arisa. Njia ya kwenda kwake ilikuwa na mgongo mrefu wa udongo mgumu katikati ya nyayo za magurudumu, na yeye alikuwa amebakiwa na mawe alipomaliza kujenga nyumba. Akabeba moja, akasema, "Gari ikipita juu ya hii, itapita kwangu." Watu wakaona mzee ana akili. Wakamwiga. Jiwe likabaki, na kadiri miaka ilivyopita likawa sheria.

Kagure alikuwa amesimama mbele ya yadi hiyo akiuza magari kwa miaka tisa. Alizaliwa Kianyaga, akachuma majani chai mpaka vidole vikaota sugu, kisha akapata kazi ya kutia mafuta katika kituo kimoja cha Sagana. Huko, kwa miaka sita, aliyasoma magari kama mwingine anavyosoma vitabu. Alijua kwa mlio injini iliyochoka. Alijua kwa mkao gari lililobeba msiba na gari lililobeba harusi. Alipohamia Chaka na bintiye Lynn, wanunuzi walimpita wakiuliza, "Mwenye yadi ako wapi?" Hakuwajibu kwa hasira. Aliwafungulia boneti, akaanza kueleza, na kufikia sentensi ya tatu walikuwa wamesahau swali lao.

Mwaka huu Arisa ilibadilishwa umbo. Lile gari dogo la familia ambalo nusu ya Nyeri ililifahamu kwa pembe zake nne, lenye buti la kumeza gunia zima, sasa lilikuwa limelala chini, limerefuka, na taa zake zimekonda. Kagure aliliendesha mara moja jijini Nairobi, akarudi, na kesho yake akamwambia Gikonyo alete magari matatu ya aina hiyo.

Gikonyo alileta. Wiki tatu zikapita. Jiwe likakwama mara ishirini na sita.

Kagure alikuwa na mazoea ya kuandika maneno ya wanunuzi katika daftari la shule, kwa kuwa aliamini mtu akilisema gari vibaya anakueleza maisha yake. Sasa daftari lilikuwa limejaa. Mchungaji mmoja alisema taa za mbele zinamwangalia kama muumini ambaye hajatoa sadaka. Muuza vitunguu alitafuta breki ya mkono, akaonyeshwa kitufe, akacheka mpaka akashika mlango: "Ati niache gari kwa mteremko na niamini kitufe? Hata bwana yangu simwamini hivyo!" Mwalimu Tryphosa Ogutu, mkuu wa shule ya msingi huko ndani Kieni, aliyetoka magharibi akiwa msichana na sasa alikuwa na mvi, alisema skrini ni kubwa kuliko runinga ya chumba cha walimu, lakini kiti cha nyuma kimeutuliza mgongo wake. Alikaa pale dakika nzima macho yakiwa yamefumbwa. Kisha jiwe likakwama, akashuka akihuzunika.

Naye Mzee Mathenge, aliyekuja kila siku ya soko kuangalia aibu hiyo, ndiye aliyelipa gari jina. "Hiyo si Arisa," alisema. "Hiyo ni kobe." Kufikia jioni, Chaka nzima ilikuwa ikiuliza kobe wa Gikonyo wanaendeleaje.

Jumamosi jioni Gikonyo alikuja kwenye meza ya Kagure. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu ilimfanya azungumze akitazama kalenda ukutani.

"Mama Lynn, ni wewe ulisema tulete hizi."

"Ni mimi."

"Sasa nakupatia wiki moja. Jumamosi ijayo saa sita mchana, kama hakuna hata moja imechukuliwa, zinarudi Nairobi zote. Na hapa mbele nitaweka binamu yangu. Wewe utakuwa huko nyuma, kwa kuosha."

Kagure alifunga daftari. Hakuogopa ndoo wala sabuni. Kilichomchoma ni kwamba kwa miaka tisa neno lake lilikuwa limetosha, na sasa lilikuwa linashindwa na jiwe.

Kesho yake alikwenda kanisani akiwa na uzito huo kifuani. Alisimama uani, mlima ukiwa wazi juu ya mabati, theluji yake nyembamba kama chumvi iliyomwagika. Hapo Arisa ya Mzee Mathenge ikaingia. Ndani mlikuwa na mkewe, Ngendo, pamoja na akina mama watatu wa kwaya, wanawake walioshiba baraka, na ndani ya buti gunia la viazi vya mchungaji. Gari lilikuwa limeinua pua na kukalia matako. Lilipovuka kizingiti cha lango, tumbo lilikwaruza saruji kwa sauti iliyowafanya njiwa waruke. Hakuna mtu aliyegeuka. Walikuwa wameizoea.

Kagure peke yake ndiye aliyegeuka. Akatazama ile nyuma iliyozama, na Sagana yote ikamrudia: magari yaliyofika kwenye pampu yakiwa yamejaa, yamelala nyuma kama ng'ombe anayekamuliwa. Kwa miaka kumi na moja, aliwaza, tumepima magari yakiwa matupu. Nani katika nchi hii huendesha gari tupu? Gari hapa hubeba mama mkwe, viazi, na jirani aliyeomba lifti, na huenda kwenye mahari na mazishi likiwa limejaa mpaka mlango ufungwe kwa bega. Alikumbuka pia kile alichokihisi Nairobi akiwa na watu wanne ndani: kwamba gari lile jipya lilipokea uzito bila kuinama. Watengenezaji walipolishusha, walikaza springi za nyuma. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa katika kijitabu cha gari, ukurasa ambao hakuna aliyeufikia.

Baada ya ibada alimfuata Mzee Mathenge.

"Mzee, naomba mashindano."

"Na kobe?" Mzee alicheka, na watu wakasogea. "Mama Lynn, wewe unataka tu kunifurahisha Jumapili."

"Jumamosi asubuhi, njia ya kwako, ule mgongo wenyewe. Gari yako kwanza, halafu yangu. Mzigo ni huo huo: mama na wenzake watatu, na gunia kwa buti."

"Na jiwe?"

"Jiwe tuliache. Jiwe halijawahi kupanda gari."

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomfunga mzee. Hakuweza kukataa mbele ya kwaya. Ngendo alikunja leso yake taratibu, akasema, "Mimi nitakuja. Na nitakuja kama nimekunywa chai."

Jumamosi kulipambazuka bila wingu. Kufikia saa tatu, watu walikuwa wamejipanga kando ya njia kama wanaongoja mbio za baiskeli, na mwanamke mmoja alikuwa tayari anauza mahindi ya kuchoma. Mwalimu Tryphosa alikuja na walimu wanne. Ndio aliokuwa akiwabeba kila asubuhi. Gikonyo alisimama mbali kidogo, mikono mfukoni, akiitazama saa.

Mzee Mathenge aliketi nyuma ya usukani wa gari lake. Akina mama wakaingia, mmoja mmoja, na kila aliyeingia gari lilishuka kidogo. Gunia lilipotiwa kwenye buti, tairi za nyuma zilijificha.

"Twende," alisema mzee.

Alikwenda vizuri hatua thelathini. Kisha mgongo wa njia ukakutana na tumbo la gari. Kwaruuu! Sauti ilikuwa ndefu, kavu, kama mtu anayeburuta sufuria juu ya mwamba. Aliongeza mafuta, ikalia zaidi. Alipofika ng'ambo, vumbi lilikuwa limemfunika yeye na heshima yake.

"Hiyo ni leo tu," alisema akishuka. "Viazi ni vizito."

"Leo tu?" Ngendo aliuliza kutoka nyuma. "Baba, hiyo sauti mimi naisikia kila Jumapili. Nikikuambia, unaongeza redio."

Watu walishikana mabega kwa kicheko.

Kagure hakucheka. Wanawake walihamia gari jipya, lile jeupe, na gunia likahamishwa. Yeye akashika usukani. "Mimi ni mzito kuliko Mzee," aliwaambia watu kupitia dirishani, "kwa hivyo mtu asiseme nimeiba."

Alijua kitu ambacho wale watu hawakukijua: hakuwahi kuijaribu njia ile. Alikuwa na kijitabu, kumbukumbu ya Nairobi, na imani. Na imani, akiwa peke yake, aliiona nyembamba. Akaachilia kile kitufe cha breki kilichokuwa kimechekwa na soko zima. Gari likaondoka kimya.

Hatua kumi. Ishirini. Kwaya ilikuwa imenyamaza, jambo ambalo mchungaji hakuwahi kulifaulisha. Kagure aliusikia udongo ukisagwa na tairi pande zote mbili, akausubiri mkwaruzo. Thelathini. Majani makavu yaliyoota juu ya mgongo yalipapasa sakafu ya gari, sauti laini kama nguo inayovuliwa. Arobaini. Mbele yake njia ilikuwa imesawazika, na lango la Mzee Mathenge lilikuwa wazi.

"Mama Lynn," Ngendo aliuliza, "bado hatujafika kwa mgongo?"

"Tumeshaupita, Mama."

Kelele zilizotoka nje zilifika kabla hajafungua mlango. Mwalimu Tryphosa hakupiga kelele. Alitandika leso juu ya vumbi, akalala chali akiwa na gauni lake la Jumamosi, akaingiza kichwa chini ya gari. Watu wakamngoja kama wanavyongoja matokeo ya mtihani. Alitoka na jani moja kavu kwenye nywele.

"Hakuna alama," alisema. "Hata moja. Mama Lynn, nachukua ya bluu. Na hawa walimu wangu wasiniletee tena habari ya migongo."

Mzee Mathenge alisogea. Alikuwa mtu mwenye kiburi, lakini kiburi chake kilikuwa cha mkulima, kinachojua kwamba mbegu mbaya hukubaliwa tu, haibishiwi. Alisema kwa sauti ili walio nyuma wasikie: "Jiwe lilikuwa langu, na kosa ni langu. Nimewapimia watu gari miaka kumi na moja bila watu ndani." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Na hiyo nyeupe imechukuliwa?"

"Haijachukuliwa, Mzee."

"Basi mama amesema kiti ni kizuri."

"Mimi sijasema kitu," alisema Ngendo, bado ameketi ndani. "Mimi nimekataa tu kutoka."

Ilikuwa saa tano na robo. Gikonyo alikuja akipita kati ya watu, na kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita alimtazama Kagure usoni. "Hiyo ya tatu," alisema, "tuiache pale mbele, ama namna gani? Wewe ndiye unajua. Na mwezi ujao, niambie mapema tulete ngapi."

"Nitakuambia," alisema Kagure. "Nikishaziendesha."

Akina mama walikuwa wanashuka sasa ili walipigie gari hilo vigelegele, kwa kuwa kitu kipya hakiingii nyumbani kimya. Ndipo ubishi ukazuka. Mtoto wa kiume akizaliwa hupigiwa vitano, wa kike vitatu, gari je? Mmoja alisema ni mwanamume, maana linakula sana na halisemi linakokwenda. Mwingine akasema ni mwanamke, maana limebeba watu wote na halijalalamika. Mwalimu Tryphosa alisema kwao hupiga tu mpaka wachoke. Wakapiga vitano, kisha vitatu, ili wasikosee, na mabonde ya Kieni yakavirudisha vyote.

Kagure alikuwa ameegemea mlango, funguo mkononi. Alifikiri sherehe imekwisha. Lakini Ngendo alipandisha leso mabegani, akawageukia wenzake.

"Hizo zilikuwa za gari," alisema. "Sasa tupige za huyu."

Na wakampigia, vitano kamili, bila mtu kubisha idadi, naye akasimama wima katikati ya njia akavipokea vyote.