Mama Anayetembea Mikono Mitupu

Juma lililopita nilikuwa nimeketi kwenye benchi la zahanati moja pale Rodi Kopany. Mbele yangu nesi alimsomea mama mmoja wa makamo kipimo chake cha sukari, bila kupunguza sauti.

"Mama, imepanda tena. Nilikuambia, tangu hedhi ikome mwili wako hauimudu sukari kama zamani. Ulitembea haraka kila asubuhi?"

"Asubuhi moja tu." Akainua viganja vyake vyote viwili, vitupu. "Sista, mtu wa umri wangu akipita barabarani haraka bila beseni wala jembe, watu wanajua amefiwa. Mtu wa bodaboda alinibeba bure mpaka kwangu. Jioni majirani wakaleta viti vya matanga."

Nesi hakucheka. Alisema sukari ikibaki hapo, wataanza sindano, tena za kila siku. Mama akavifunga viganja, akavilaza mapajani.

Nikawaza kwamba kwetu mwanamke aliyemaliza kuzaa anaruhusiwa kuharakisha kwa sababu ya kazi au kilio. Kuharakisha kwa sababu ya sukari iliyo katika damu yake mwenyewe, bado hatujamruhusu.

Mwanamke wa rika lake, aliyekuwa akingoja zamu karibu nami, akamgeukia.

"Nyamera," alisema, akimwita dada kwa Kijaluo, "kesho asubuhi nipitie, twende pamoja. Mmoja akienda haraka, ana msiba. Wawili wakienda haraka, wanasengenya tu, na hao hakuna anayewapa pole."