Mwalimu Aliyetufundisha Kutetea

Juzi redioni msomi mmoja alikuwa akieleza asili ya maneno. Akafika kwenye "kutetea", sauti ya kuku anapotaka kutaga, akasema huenda limetokana na kuteta, akacheka kidogo, akaendelea na mengine. Nilizima redio, rafiki yangu.

Utotoni tulikaa kwenye nyumba za askari polisi, nje kidogo ya Ntinda, vibanda vya mabati vya duara vilivyochoma kama tanuri ikifika saa nne. Baba alikuwa konstebo. Ilikuwa enzi ya serikali ya kijeshi; sukari na sabuni ziliadimika, kwa hiyo mama alifuga kuku, na mayai yake aliyabadilisha kwa kipande cha sabuni au kikombe cha chumvi. Kiswahili tulichokijua kilikuwa cha amri: simama, lala chini, lete kitambulisho. Watoto wa Kiganda shuleni walikichukia, nami sikuwalaumu.

Kisha akaja mwalimu wa Kiswahili, binti wa Kinubi mwenye sweta ya kijani, aliyesema "tafadhali" hata kwa watoto. Siku ya milio ya wanyama alituambia kuku hutetea. Mtoto mmoja akauliza anamtetea nani. Mwalimu akafikiri, akasema wengine hudhani neno limetoka kwenye sauti yenyewe, te-te-te, lakini yeye alipenda kuamini kwamba kuku anasemea yai lake, kwa kuwa yai halina mdomo. Akaandika ubaoni: "Jirani yangu amekamatwa bure. Nitamtetea." Tukanakili.

Mmoja wetu aliisoma sentensi ile nyumbani, mbele ya baba yake aliyefanya kazi isiyotajwa. Baada ya siku mbili gari lisilo na namba likaingia uwanjani, watu wawili wakamtoa mwalimu darasani, chaki ikiwa bado mkononi. Hatukumsikia akilia. Mwalimu mkuu aliingia, akafuta ubao, akatuamuru tuifute sentensi kwa wino hadi isisomeke. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Jioni baba alimwambia mama asithubutu kwenda popote kumsemea mwalimu, tungefukuzwa wote. Asubuhi mama alimkamata kuku wake bora, akanishika mkono, tukaenda hadi kituo ambako mwalimu alidhaniwa kuwa. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kwetu kambini, lakini alisimama wima mbele ya meza ya afisa.

"Afande, mimi iko na kuku. Kuku nalia hivi, sisi naita kutetea. Mwalimu nafundisha watoto hiyo tu. Kosa wapi?"

Afisa aliwatazama wenzake, wakacheka. "Mama, rudi nyumbani," akasema. "Kuku abaki." Walimchinja tukiwa bado getini.

Mwalimu alirudi baada ya wiki mbili. Alipita kwetu kumshukuru mama, akashindwa kushika kikombe, maana vidole vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Mama akamnywesha uji kwa kijiko. Kesho yake alikwenda kwa ndugu zake Bombo, na hakufundisha tena maishani mwake.

Alipokufa, serikali ile ikiwa imeanguka zamani, tulikwenda kumzika. Mwalimu mkuu, mzee wa kuheshimiwa sasa, akasimama akasema shule nzima ilisimama naye katika mateso yake. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mama, ambaye magoti yalikuwa yamemchosha, aliinuka polepole.

"Uongo," akasema, akaketi.

Hakuna aliyempinga, wala aliyemuunga mkono. Mzee akamaliza hotuba yake, nasi tukapewa chai.

Vibanda vya mabati vimeng'olewa, mama naye ametangulia, na ile shule ina ghorofa na rangi mpya. Siku hizi watu wazima wa enzi ile hupenda kusema kwamba hawakujua. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Darasani tulikuwa watoto arobaini na wawili, na sote tulijua.