Chura Aliyesahau Majina

Mpaka leo nikisikia harufu ya betri zilizoanikwa juani juu ya bati, nakumbuka nyumba yetu ya Katubuka, Kigoma, na sanduku la kompyuta za watoto zenye umbo la chura.

Baba alizinunua mnadani, ghala moja la misaada ya wakimbizi lilipofungwa. Aliyezibuni sijui aliwaza nini: swichi aliiweka tumboni, hivyo ukimweka chura mezani na kubonyeza herufi, anazimika na kusahau kila kitu. "Rahisi ghali, Baba Zuhura," mama alisema. Hakuna aliyezitaka, nikapewa mimi zote. Nilitembea mtaani na chura kwapani kwa maringo ya karani wa bomani.

Chumba cha uani alipanga Mama Nestori, mkimbizi kutoka Burundi, aliyemsaidia mama kutwanga muhogo. Alipotezana na wanawe watatu njiani siku walipokimbia. Nilikuwa na miaka tisa na sikukosa jibu la jambo lolote, nikamwambia kompyuta huandikiana. Tukiwaandika wanawe humu, nilisema, kompyuta za makambini zitayaona majina yao. Akanitajia polepole: Nestori, Godeliva, Kelementi mwenye kovu gotini.

Kesho yake chura alikuwa mtupu. Niliogopa sana. Nikampakata, nikaandika upya kabla Mama Nestori hajarudi kutoka kisimani. Ikawa kazi yangu ya kila Jumapili, maana akitoka kanisani alikaa kizingitini na kusema, "Nisomee, mwana wanje, mwanangu." Nikimaliza kusoma, aliinuka akaenda kupika.

Siku ya kurudi kwao tulimsindikiza bandarini. Aibu ilinizidi nikaungama: majina hayakufika popote.

"Ndabizi. Najua," alisema. "Siku moja nilimwinua chura nifute vumbi, nikaona hana kitu. Nisomee."

Chura nilikuwa naye kwapani, lakini betri zilikuwa zimekwisha. Nilikitazama kioo cheusi nikawataja wote watatu, na kovu pia. Kisha akapanda meli.

Kwa miaka mingi niliona haya kwamba nilimdanganya mtu mzima. Nilipozaa mtoto wa pili, nami nikaendelea kuitwa kwa jina la yule wa kwanza, ndipo nikaelewa. Nestori alitajwa mtaani kutwa nzima, kila mama yake alipoitwa. Godeliva na Kelementi, katika Kigoma yote, hakuna aliyewataja isipokuwa mimi.