Mkwe Wangu Aligonga Ringi

Mimi nimefunga mizigo tangu sijaota ndevu. Nilianza kuli wa ndizi hapa Tukuyu, nikawa utingo, nikawa dereva, na leo Fuso ni langu, kadi ina jina langu. Shule niliiacha darasa la nne, niliacha mwenyewe, sikufukuzwa. Mtu akiniambia mzigo wangu haukufungwa sawasawa, kwangu ni kama ameniambia sijui kuvaa suruali.

Ringi ni vile vipete vya chuma kwenye sakafu ya bodi la lori. Unapitisha mkanda, unaukaza, kreti za parachichi zinatulia hadi Dar es Salaam. Ringi ikitoka, mkanda ni nguo tu. Za kwangu nilizipinda mwenyewe kwa nondo, nikampelekea fundi mmoja kule Uyole azichomelee. Fundi akasema, "Mzee, ringi inashikwa na fremu ya chini. Hili bati la juu ni shuka." Nikamwambia nimekuja kuchomelewa, sikuja kuhubiriwa. Akachomelea juu ya bati, kama nilivyotaka, na zikashika miaka.

Msimu huu wa parachichi, nilipokuwa nafagia bodi, nikaona ringi moja ya nyuma imeinuka. Bati pembeni yake limepasuka, mstari mwembamba kama unywele. Nilikuwa na rangi kidogo ya kijani iliyobaki tulipopaka geti la nyumbani. Nikapaka. Mstari ukapotea, na mimi nikausahau, au nilijiambia nimeusahau.

Sasa nieleze habari ya mkwe. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto wako hakutazami usoni. Hakuiti, hakai chumba kimoja na wewe, mkikutana njiani yeye anaingia migombani mpaka upite. Vijana wengi wameacha. Nyumbani kwangu hatujaacha, na nilikuwa najisifu kwa hilo kanisani na sokoni. Mke wa mwanangu mkubwa amesoma chuo, lakini akisikia kikohozi changu alikuwa anajifunika kanga na kugeukia ukuta. Nilikuwa nakohoa makusudi, nione.

Huyo huyo ndiye mkaguzi wa magari kwenye kituo kimoja cha kukusanyia parachichi. Lori haliingii kupakia mpaka yeye alikague: tairi, turubai, mikanda, ringi. Haikuwa shida, kwa sababu gari langu lilikuwa linakwenda na dereva. Mimi nabaki nyumbani, yeye anakagua, heshima inakaa mahali pake.

Wiki ile dereva alifiwa na mama yake. Nikashika usukani mwenyewe.

Nilipoingia uwanjani mvua ilikuwa inanyunya, na makuli walikuwa wamejikinga chini ya paa la banda la kreti. Msimamizi wao, mtu mfupi mwenye mdomo, akapiga kelele, "Leo patamu! Mzee kaja kukaguliwa na mkwe!" Wakacheka. Mimi nikapanda nyuma ya bodi nikasimama. Niseme wazi niliposimama: nilisimama karibu na ile ringi niliyoipaka, mguu ukiwa kando yake. Nilijua hatakuja pale nilipo. Mila ingemzuia. Nilitegemea hivyo.

Akaja na kizibao cha kung'aa, kofia ngumu kichwani, na kanga chini ya kofia. Nyundo ndogo mkononi. Mbao za ubavu zilikuwa zimeshushwa, akaanza upande wa mbele akiwa chini, anagonga ringi, anasikiliza, anakwenda nyingine. Alipofika katikati akasimama, akageuza uso kwenye ukuta wa stoo.

"Mwambieni mwenye gari asogee," akamwambia msimamizi wa makuli.

Msimamizi akanigeukia, na kati yangu na mkwe zilikuwa hatua tatu tu. "Mzee, umeambiwa usogee."

"Mwambie aliyesema," nikajibu, "gari hili linakwenda Dar tangu yeye hajavuliwa nepi."

"Anasema linakwenda Dar tangu hujavuliwa nepi."

"Mwambieni nimesikia. Asogee nikague za nyuma."

"Mwambie za nyuma ni sawa na za mbele. Mkono uliopinda ni mmoja."

Makuli walikuwa wameacha kujikinga mvua, wametoka wote kusikiliza. Mmoja akasema, "Taata, baba yetu, mpishe mtoto afanye kazi, parachichi zinaiva!" Nikatabasamu. Nilidhani nimeshinda.

Mkwe wangu akavuta kanga mbele ya uso, akapanda bodini. Akaja moja kwa moja mpaka nilipo. Kichwa chini, lakini alikuja.

"Baba," akaniambia mimi, kwa mdomo wake mwenyewe, "sogea."

Miaka yote ya ndoa ile sikuwahi kuisikia sauti yake ikinielekea. Miguu ilisogea yenyewe. Akainama akagonga. Nyingine zilikuwa zinalia kama kengele. Ile ilitoa mlio wa sufuria lililotoboka. Rangi ya kijani ikabanduka. Akagonga tena, ringi ikamng'okea mkononi, na kipande cha bati kikiwa kimeng'ang'ania shinani kama jino la mtoto na nyama yake.

Hakunipa mkononi. Aliiweka sakafuni, akashuka, akamwambia msimamizi, "Gari hili halipakii."

Nikaiokota nikaitia mfuko wa koti. Nikatoka getini na gari tupu, wenzangu wakiwa foleni, kila dereva kanitazama na kujifanya anafuta kioo.

Nyumbani mke wangu aliuliza, "Umepakia?"

"Sikupakia."

"Kwa nini?"

"Mkwe wako ameniita mbele ya makuli. Amepanda gari, amenisogelea, ameniambia sogea kama anafukuza mbuzi."

Ringi sikuitaja. Kila nililosema lilikuwa kweli, na hiyo ndiyo mbaya yake.

Habari ikamfikia dada yangu anayekaa Nkunga, na dada yangu ndiye mlinzi wa mila za ukoo wetu. Alikuja kesho yake, hajakaa anasema: mkwe alete jogoo, apige magoti, aombe msamaha, na ile kazi aache. "Kazi gani ya kumkuta baba mkwe wake kila msimu? Kesho atamkagua na meno!" Mwanangu akajaribu kusema kwamba mshahara ule ndio unasomesha wajukuu wangu. Dada akamwambia anyamaze, hajui alichooa. Mimi nilikuwepo. Nilinywa chai.

Tukakaa Jumapili baada ya ibada. Sebuleni mimi, mke wangu, dada, na mwanangu. Mkwe alikuwa barazani nyuma ya mlango, amepiga magoti kwenye saruji, jogoo amefungwa miguu pembeni yake. Dada alikaa mlangoni kupokea maneno na kuyapitisha.

Nilijua atakachosema. Atasema ringi ilikuwa imeoza, atasema nilipaka rangi, maana aliiona. Nilikuwa nimeshapanga jibu: kwamba ni kutu, kwamba ni mvua ya Rungwe, kwamba mwanamke hajui chuma. Nilikaa nimelishika jibu langu tayari.

Dada akamuuliza, "Ulimwita baba mkwe wako?"

"Nilimwita, shangazi."

"Ulimsogelea?"

"Nilimsogelea."

"Kwa nini?"

Jogoo akapiga mbawa. Kisha akasema, "Nilikosa, shangazi. Naomba baba anisamehe. Na kazi, mkisema niache, nitaacha."

Basi. Hakusema neno lingine. Alikuwa ananifunika mbele ya dada yangu na mbele ya mumewe, na angepoteza kazi kwa kunifunika. Mimi nilikuwa nimekwenda kwake na ringi mbovu nikasimama nyuma ya mila kama mwizi nyuma ya mlango.

Dada akanigeukia. "Kaka, umesikia. Msamehe tumalize, chakula kinapoa."

Nilitaka kusema nimesamehe. Neno lilikuwa jepesi, lingetoka. Mke wangu alikuwa ananitazama. Mwanamke huyo amefua makoti yangu miaka yote na anajua ninavyokaa nikiwa na kitu ninachokificha.

Nikasema, "Ringi ilikuwa imepasuka. Nilijua. Niliipaka rangi, nikasimama karibu nayo ili asiifikie."

Nikaona niendelee maana ukianza kutapika huwezi kumeza. "Gari lingeondoka vile, kreti zingemwangukia mtu Igawilo kwenye mteremko. Angeulizwa yeye aliyekagua, si mimi. Alinisogelea kwa sababu nilimlazimisha."

Mwanangu akainua uso akanitazama, na sikuupenda ule mtazamo. Haukuwa wa hasira. Alinitazama kama mtu anayekisia umri wa mzee barabarani.

Dada yangu akanyoosha kidole barazani. "Sasa jogoo huyu ni wa nani?"

"Arudi naye. Na mimi namwongezea tetea."

"Wewe! Tangu lini baba mkwe akamtolea kuku mke wa mwanawe? Watatucheka mpaka Kisondela."

"Wacheke. Makuli wameshaanza."

Akaguna, akakaza kanga kiunoni. Nyuma ya mlango ile sauti ikasema, polepole, "Shangazi, mwambie baba, ndaga, asante. Na Jumatatu nakwenda kazini."

Dada alinitazama kama nimeuza shamba. "Umesikia? Unamruhusu?"

"Sina cha kuruhusu. Aende."

Tulikula. Sikumbuki tulikula nini.

Jumatatu hiyo nilipeleka gari Uyole, fundi akazikata zote, akatoboa bati na kuzishikiza kwenye fremu ya chini. Hakuniambia kitu, na ningefurahi angenitukana. Dereva alikuwa amerudi kutoka msibani, nikampa ufunguo. Akaniuliza kama twende wote nikaone wakipakia, maana nilikuwa napenda kuona. Nikasema nina kazi ya migomba.

Asubuhi gari lilipoondoka, nilikaa kitandani mpaka jua likapanda. Mke wangu akaja kuuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.