Nyota Iliyoishiwa Dizeli

Nyota ya Kaskazini ilizimika saa mbili na robo usiku, mbele ya wageni sita, wakati mwale wa tochi yangu bado unaielekea. Haikufifia taratibu, wala haikuingia winguni. Ilitetemeka mara mbili, ikawa nyekundu kama kaa la jikoni, ikafa. Punde ikawaka tena, kali kuliko mwanzo.

Ili msomaji aelewe nilivyofika hapo, nirudi nyuma miezi michache.

Mwaka huo kulikuwa na rashi. Ndivyo tunavyoita dhahabu inapoibuka mahali papya na watu wakakimbilia huko kabla hata ya kufunga milango. Watu wa Nyamongo walikuwa wamezoea, wanaishi na mgodi pembeni. Safari hii dhahabu ilisemekana imeonekana kwenye kilima kimoja kaskazini mwetu, na kila kijana mwenye sururu akawa tajiri mtarajiwa. Mafundi waliacha nyumba bila mapaa. Kwaya ya kanisani kwetu Nyambureti ilibaki na sauti za kike tupu.

Mimi nilikuwa mhudumu wa meza katika kambi ya watalii karibu na Natta. Tulikuwa na mwenzetu ambaye kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wageni nyota baada ya chakula. Alikuwa na kiti chake cha kukunja na tochi ya mwale wa kijani, na wageni walimpenda. Alasiri moja aliweka begi lake na tochi stoo, akapanda bodaboda, sururu mapajani.

"Narudi wiki ijayo," alimwambia mpishi. "Na nikirudi mtaniita bosi."

Kesho yake meneja, mama mwenye sauti ya upole na macho yasiyo na upole wowote, aliingia jikoni akauliza nani anajua nyota. Nikanyoosha mkono. Mpaka leo sijui kilichonituma.

"Unazijua ngapi?"

"Kilimia, mama. Na ile ya asubuhi."

"Na jua," mpishi akadakia. "Jua pia analijua, mama, usimdharau."

Jiko zima lilicheka. Meneja hakucheka. Aliniambia nina muda mpaka wageni wa Juni. Nikiweza, nitakaimu nafasi ya yule aliyeondoka. Nikishindwa, ataleta mtu kutoka Arusha wa kuonyesha nyota na kuhudumia meza pamoja, kwa sababu hawezi kutuweka wote wawili.

Maana yake niliielewa vizuri. Nikikosa kambi, kazi iliyobaki ilikuwa kilimani. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa tayari huko na alishanitafutia sururu.

"Mura, kijana, mali iko chini," alinipigia simu kuniambia. "Wewe unatafuta nini juu?"

Mke wangu alininyang'anya simu. "Mume wangu ni wa juu ya ardhi," alisema. "Shimoni hashuki." Kisha akanigeukia: "Basi zisome hizo nyota zako."

Nikaanza. Kitabu nilichopata kilikuwa cha jiografia, kimeachwa na mgeni, na ramani yake ya anga ilichorwa kwa watu wa nchi za kaskazini. Kila kitu kilionekana kimepinduka, mpaka nilipogundua kwamba dawa yake ni kukipindua kitabu. Ilikuwa Februari. Juu kabisa, karibu na utosi, zilikaa nyota tatu zimepanga mstari kama watoto wa shule asubuhi. Kitabu kilisema ni mshipi wa Jabari, mwindaji wa angani, na kwamba ukiufuata mstari huo utaikuta nyota inayong'aa kuliko zote. Niliufuata. Ikawepo! Ilikuwa pale pale nilipoambiwa itakuwa, ikimeta bluu na nyeupe, nami nikapiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Nilirudi nyuma hatua kadhaa nione vizuri zaidi, nikatumbukia kwenye shimo la ngiri.

Mpishi alikuja na taa. Aliniangalia nikiwa ndani mpaka kiunoni.

"Naona uchimbaji umeanza," alisema.

Tangu hapo sikushikika. Nilikuwa nikibeba supu huku shingo imeelekea juu. Machi niliwafundisha madobi makundi ya Mapacha na Ng'ombe. Aprili mvua ziliziba anga, nikawa navizia matundu ya mawingu: likifunguka tundu kusini, naona Msalaba umelala ubavu, likifunguka jingine, naona nyota mbili kali zinazouelekeza, kisha pazia linafungwa. Mimi niliyejua Kilimia na nyota ya asubuhi tu, sasa nilikuwa nazisalimia nyota kwa majina zikichomoza, na zile zilizotangulia kuzama jioni, Kilimia ikiwemo, niliziaga kama wageni waliomaliza likizo.

Mwezi Mei, mvua zilipopungua, nikapata ile kubwa. Upande wa kaskazini zilining'inia nyota saba zenye umbo la sufuria iliyopinduliwa, kama vile ndiyo iliyokuwa ikitumwagia masika. Kitabu kilieleza: chukua nyota mbili za mwisho za sufuria, ziunganishe kwa mstari, endelea na mstari huo, utaikuta Nyota ya Kaskazini, ambayo haisogei kamwe. Niliuteremsha mstari polepole, kuelekea chini, chini, mpaka karibu na ukingo wa dunia. Na pale, juu kidogo ya vilima, palikuwa na nukta ya manjano.

Nilikaa nikiichunga. Sufuria ilisogea. Nukta haikusogea. Kesho yake ilikuwa pale pale.

"Kaka, njoo uone!" nilimwita mpishi. "Nimeipata ile isiyosogea!"

"Kama mimi siku ya Jumatatu," alisema, akarudi kwenye ugali wake.

Ndiyo hiyo basi niliyowaonyesha wageni wa Juni, usiku wa majaribio, meneja akiwa amekaa nyuma na kikombe chake. Nilianza na Msalaba, nikapita kwa Nge aliyekuwa akipanda mashariki na moyo wake mwekundu. Wageni waliguna kwa furaha. Nikaona nimalizie kwa kishindo. Niliwapeleka kwenye sufuria, nikauteremsha mwale wa kijani, nikatangaza Nyota ya Kaskazini.

Mzee mmoja, ambaye alikuwa amefanya kazi melini maisha yake yote, alikohoa kwa adabu. Alisema alidhani hapa tuko kusini ya ikweta, na kwamba kutoka hapa nyota hiyo inapaswa kuwa chini ya upeo wa macho.

"Inapaswa," nilijibu kwa ujasiri ninaoustaajabia mpaka leo. "Lakini nyota hii haisogei, mzee. Mimi nimeichunga mwezi mzima."

Hapo ndipo ilipotetemeka, ikafa, ikafufuka.

Mpishi, aliyekuwa ameleta chai, alisema kwa sauti ya mtu anayejisemea: "Ah. Wamejaza dizeli."

Wageni wakaniuliza amesema nini. Nilimtazama meneja. Alikuwa anaitazama chai yake. Ningeweza kusema lolote; hakuna mgeni hata mmoja aliyejua Kiswahili. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuielewa ile manjano, na jinsi ilivyokata roho, sawasawa na jenereta letu la kambi. Nikatafsiri neno kwa neno. Nikaongeza kwamba huko kuna kilima cha wachimba dhahabu, na kwamba kuna uwezekano mkubwa nimewaonyesha balbu.

Yule mzee wa melini alicheka mpaka akashikwa mabega. Mama mmoja aliomba picha na balbu. Mzee akafuta macho, akasema, "Sasa tuonyeshe moja isiyotumia mafuta," nikawaonyesha, moja baada ya nyingine, nikicheka nami, na hakuna iliyozimika.

Meneja alinisubiri wageni walipokwenda kulala.

"Utaendelea kukaimu," alisema. "Mwenye nafasi akirudi, ni yake. Na hiyo balbu usiiache. Wataiulizia."

Kweli waliiulizia, msimu mzima. Niliionyesha kila jioni, mwishoni, kwa jina lake halali. Septemba, Nge akiwa ameshaanza kuinamia magharibi, jioni moja niliuteremsha mwale nikakuta giza. Tulisubiri wajaze. Hawakujaza. Shemeji alirudi wiki hiyo, mweupe kwa vumbi, akasema kilima kimeisha na watu wametawanyika. Nilimuuliza kuhusu mtu mmoja, mwenye kuzijua nyota. Alisema walikuwa wengi mno, na wote walikuwa wanatazama chini.

Jabari amekuja na kwenda mara nyingi tangu siku hiyo. Begi la mwenzetu bado liko stoo, na mimi bado nakaimu.