Siku Nne za Kupumzisha Mwamba

Wiki iliyopita walikuja mafundi kuchimba mtaro wa bomba mbele ya nyumba ninayopanga hapa mjini, Kashaulili. Nilikuwa nimerudi kazini hoi, miguu imejaa vumbi, mkoba umejaa madaftari ya watoto ya kusahihisha, nikasimama pale pale barabarani nisiweze kuingia ndani. Ilikuwa ile harufu. Sio ya mvua ya kwanza, hiyo kila mtu anaijua na kila mtu anaisifia. Hii ni ya udongo wa chini, udongo ambao haujawahi kuona jua, harufu nzito ya baridi yenye ukakasi unaobaki kooni. Fundi mmoja akaniuliza kama wameniziba njia. Nikamwambia hapana, nanusa tu. Akanitazama, akarudi kwenye sululu yake. Basi nyie kaeni niwaambie nilichokuwa nanusa.

Baba yangu alikuwa fundi wa visima kule kijijini kwetu, Magamba. Visima vya mkono, vya sululu na mtalimbo, sio hivi vya mashine vya siku hizi. Yeye anashuka chini, mtu mwingine anabaki juu kwenye roda, anavuta ndoo ya udongo, anamwaga, anaishusha tena. Miaka mingi mvutaji wake alikuwa kaka yangu Beno. Mwaka niliokuwa darasa la saba, Beno akasikia dhahabu imetoka mahali, akaondoka asubuhi bila hata kunywa uji. Na baba alikuwa ameshakubali kuchimba kisima cha Mzee Nikodemu, mkulima mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi ya ng'ombe. Mama alikuwa amejifungua mdogo wetu wa mwisho, hata mwezi haujaisha. Kwa hiyo nikabaki mimi.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na kwetu mtihani ule haukuwa mchezo. Katika ukoo mzima wa baba hakuna msichana aliyekuwa amekanyaga sekondari. Ukifeli unabaki shambani, unaolewa, habari yako imeishia hapo. Baba mwenyewe aliishia darasa la nne, na aliniambia waziwazi kwamba hataki kunikuta nalimia watu mpunga kama shangazi zangu. Basi asubuhi nakwenda shule, mchana nikitoka napitiliza kwa Mzee Nikodemu na sare yangu, navua viatu, nashika kamba.

Daftari la sayansi nilikuwa naliweka chini wazi, nimelikandamiza kwa jiwe upepo usifunue kurasa. Mada iliyonitoa jasho ni ile ya ardhi: matabaka ya udongo, aina za miamba, na jinsi mwamba unavyovunjika mpaka ukawa udongo. Mwalimu Magreth alituandikia ubao mzima, akafuta, akaandika mwingine. Baba alipojua ndio hiyo inayonisumbua, akacheka sana, akasema mbona hiyo ndo kazi yake. Kuanzia siku ile kila ndoo ikawa somo. Anajaza, anatikisa kamba, sauti inapanda kutoka shimoni kuuliza hiyo inayokuja ni ya tabaka gani. Mimi nainama ukingoni napaza sauti kwamba huo ni udongo wa juu, una mboji na mizizi. Ananijibu kutoka chini kwamba sawa, vuta. Wanawake waliokuwa wanapita na ndoo za maji kichwani walisimama kutushangaa, na mmoja alikwenda mpaka nyumbani kumwambia mama kwamba binti yake anamfokea mume wake shimoni.

Udongo mweusi uliisha, ukaja mwekundu. Ukaja mfinyanzi, ule unaonata kwenye ndoo kama ugali wa muhogo mpaka uukwangue kwa kijiti. Halafu changarawe. Matabaka yale sikuyakariri, niliyavuta moja moja kwa mikono yangu, na nadhani hata leo ukiniamsha usingizini nitakutajia. Lakini jamani, nilichoka. Nilichoka mpaka nikawa nasinzia darasani nimekodoa macho. Mchana jua la Septemba linapiga, moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda, kamba inakula viganja. Malengelenge yaliota, yakapasuka, yakaota mengine juu ya yale yale. Kisimani nilijifunga vitambaa vya kanga kuukuu ya mama; shuleni navivua, nakunja ngumi. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na wa kuvuta hayupo mwingine?

Ijumaa ya wiki ya pili, mtalimbo ulilia. Mpaka siku ile ulikuwa unatoa mlio mzito wa kuzama, mara ukalia kama kengele ya kanisa, nikajua tumefika kwenye mwamba. Jumamosi kutwa nzima baba alipiga tindo na nyundo, mimi navuta vipande. Ndoo ya mawe sio ndoo ya udongo. Kila ndoo ilinivuta mimi kwanza ndipo nami niivute.

Alipopanda kunywa maji, nilimpa jagi. Alilipokea, akabaki amelishika hanywi, vumbi la jiwe limemjaa mpaka kwenye kope. Akaniuliza mtihani ni lini. Nikamwambia Jumatano na Alhamisi. Akanywa, akakaa juu ya lundo la udongo.

"Mama," aliniambia, maana nina jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "huu mwamba umechoka kupigwa. Ukifika hapa unauacha siku nne za kazi, unapumzika, unalainika wenyewe. Kusanya vitu twende nyumbani."

Nilifurahi nusura nilie. Na kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi mzuri, jioni ile ile nilifungua daftari, pale palipoandikwa vitu vinavyovunja mwamba, yaani jua, maji, upepo na mizizi ya miti, nikaongeza kwa mwandiko wangu bora: na kupumzika.

Jumapili nililala kama gunia. Jumatatu Mzee Nikodemu akaja nyumbani, fimbo mkononi, kuuliza kulikoni shimo limeachwa. Ng'ombe wake wanatembea mbali kufuata maji, na yeye anajua maji yapo pale chini, karibu kabisa. Nilikuwa jikoni nasoma, nikategesha sikio. Baba hakumwambia habari ya mwamba kupumzika. Alimwambia mgongo umemshika, amvumilie mpaka Ijumaa. Mzee akasema fundi wa mjini yupo, tena anakuja na vijana wake wawili. Baba akasema haya, mzee wangu, wewe ndiye mwenye kisima. Hakubembeleza hata kidogo. Mimi nikajua baba amedanganya, kwa sababu asubuhi ile ile nilimwona amebeba gunia la mahindi peke yake, mgongo umenyooka. Nikajiuliza kwa nini amfiche mzee jambo jepesi kama lile la mwamba.

Jumanne Mwalimu Magreth alifanya marudio ya mwisho. Akauliza ni vitu gani vinasababisha mwamba kuvunjika. Wenzangu wakataja jua, wakataja maji. Nikanyoosha mkono wangu wenye madonda, nikasimama kwa heshima zote, nikasema kupumzika. Darasa lilianguka kwa kicheko. Kuna mtu alicheka mpaka akatoka nje. Mwalimu hakunichapa, alijifuta chaki tu mikononi, akasema, "Mwamba haupumziki, Veronika. Haujawahi kuchoka. Tunaochoka ni sisi." Kuanzia hapo niliitwa Pumzika, na niliosoma nao wananiita hivyo mpaka leo. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Sikumwambia baba kitu, ila niliufuta ule mstari daftarini mpaka karatasi ikatoboka, na moyoni nikasema kumbe mzee huyu hajui kitu.

Jumatano nikaanza mtihani. Siku hiyo hiyo fundi wa mjini alishuka kwenye shimo letu, na Ijumaa asubuhi, kabla baba hajatoka nyumbani, akaona maji. Futi mbili tu chini ya pale tulipoachia. Kwetu aliyeyaona maji ndiye mwenye sifa: ndiye anayekunywa wa kwanza, hata yakiwa tope, ndiye anayechinjiwa kuku, na kisima watu watakiita kwa jina lake. Aliyechimba matabaka yote ya juu hatajwi. Habari ikatembea Magamba yote kwamba mwamba umemshinda baba yangu, nguvu zimeisha. Baba aliisikia kama tulivyoisikia sisi. Hakuna aliyemwita tena kuchimba. Msimu ule wa mvua akaenda kuwalimia watu mpunga, yeye aliyekuwa anaitwa fundi.

Matokeo yalitoka, nikawa nimechaguliwa. Baba alinisindikiza sekondari amebeba sanduku langu kichwani, na mimi nilitembea hatua kadhaa mbele, naona aibu wasichana wengine wasije wakamuuliza kazi yake. Nikasoma jiografia miaka minne. Nikawa mwalimu, na leo mada ya miamba naifundisha mimi. Kila nikiifundisha nilikuwa namkumbuka baba kwa kucheka kidogo na kumsikitikia kidogo, jinsi unavyomsikitikia mtu aliyefanya kazi maisha yake yote bila kuielewa.

Likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda kuwasalimia. Jumapili baada ya misa tulikaa uani na baba tunabangua karanga. Amezeeka, vidole vimepinda. Nikamsimulia majibu ya watoto wangu, mmoja aliandika kwamba tetemeko la ardhi linasababishwa na malori ya mchanga. Tukacheka. Na kwa kuwa utani ulikuwa umeshanoga, nikamwambia na wewe baba, na ule mwamba wako wa kupumzika, ulinipa jina la utani mpaka leo wananiita. Nilikuwa sijawahi kumwambia.

Hakucheka. Alibangua karanga mbili tatu, akazitia kwenye ungo.

"Nilianza kupiga mwamba sijaota ndevu, mama," alisema. "Mwamba kupumzika, nani asiyejua kwamba hakuna kitu kama hicho? Ulinipa jagi, nikaona mikono yako. Damu ilikuwa imepita mpaka kwenye kitambaa. Sasa ningekwambia upumzike wewe, ungekubali?"

Nisingekubali. Ningemwambia mikono haiumi, ningefunga vitambaa vingine, ningevuta mpaka Jumanne jioni, na Jumatano ningeingia kwenye chumba cha mtihani siwezi kushika kalamu. Alinijua. Nikaendelea kubangua karanga huku machozi yananitoka, naye akajifanya haoni.

Nimekuwa mtu mzima, nimesoma, nimefundisha watoto wengi. Na katika miaka yote hiyo, kila aliyeniuliza baba yangu alikuwa anafanya kazi gani, sekondari, chuoni, kazini, hata mume wangu, nilimjibu kwamba alikuwa fundi wa visima lakini mwamba ulimshinda. Nimeshawaambia watu wengi mno. Sasa sijui nianze na nani kumwambia kwamba sivyo.